Dirisha la Msaada la Kituo cha Nyanungu

Pale Nyanungu watu walikuwa wakisema Robi, karani wa kituo cha maziwa, anakipenda kishikwambi chake kuliko anavyopenda watu. Hawakuwa mbali na ukweli. Ila Robi hakuwa na mapenzi na kile kidude. Alimpenda mtu aliyeamini kwamba yuko upande wa pili wake. Hilo hakumwambia yeyote, hata mama mkwe wake Gati, ambaye kwa kawaida aliambiwa kila kitu hadi kuku aliyeanza kuatamia.

Kazi ya Robi ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuifanya. Kila asubuhi wafugaji walileta maziwa, wengine kwa baiskeli, wengine kwa pikipiki, akina mama wengi kichwani. Robi aliyapima, akaangalia kama kuna mjanja aliyeyatia maji, na mjanja hakukosekana, halafu akaandika lita kwenye programu ya ushirika. Akikwama, alibofya alama ya kuuliza juu ya kioo, na dirisha la msaada likafunguka: orodha ya mada upande mmoja, maelezo upande mwingine, na juu yake vitufe vya kwenda mwanzo, kurudi nyuma na kusonga mbele, pamoja na kisanduku cha kutafuta. Watu wengi hulifungua dirisha la namna hiyo kwa bahati mbaya na kulifunga kwa hasira. Robi alilifungua kila siku, hata akiwa hajakwama.

Dirisha hilo lilitengenezwa na mume wake.

Mume huyo aliitwa Nchagwa, mtoto wa mzee Simioni wa hapohapo Nyanungu. Jina ninalitaja mimi kwa kuwa sikuolewa kwenye boma lile. Nchagwa alirithi jina la babu yake, baba mzazi wa mzee Simioni, na mke aliyeolewa pale halitamki jina la mkwe, awe hai au awe kaburini. Robi alilelewa vizuri kwao Kenyamonta. Tangu aolewe, jina hilo halikuwahi kupita mdomoni mwake. Mumewe Robi alimwita "wewe," na wakati mwingine, wakiwa peke yao, alimwita majina mengine ambayo hayatuhusu.

Walikutana Kenyamonta, Robi akiwa karani mpya wa kituo cha kule, na Nchagwa akiwa kijana wa kompyuta kutoka kampuni ya Mwanza iliyoutengenezea ushirika programu. Alikuja kuwafundisha makarani. Wengine wote walisimama mbele, wakaongea, wakaondoka. Nchagwa alivuta kigoda akakaa karibu na Robi, akamwuliza, "Dirisha likifunguka, jicho lako linaenda wapi kwanza?"

Robi hakuwahi kuulizwa na mwanaume jicho lake linaenda wapi. Aliona aibu, akaonyesha kwa kidole. Nchagwa akahamisha kitufe kikakaa pale jicho lilipotua. Siku ile hakuhamisha kitufe peke yake, kwa maana mwaka haukuisha kabla ng'ombe wa mahari hawajatoka Nyanungu kwenda Kenyamonta, na Robi akawa mke wa boma la mzee Simioni, karani wa kituo cha Nyanungu.

Kabla ya kurudi kazini Mwanza, Nchagwa alimwambia jambo moja. "Neno lolote unaloandika kwenye kisanduku cha kutafuta, likikosa jibu, linaletwa kwangu. Kila wiki nakaa nayasoma. Ndivyo ninavyojua dirisha lina kasoro wapi."

Mwanzoni alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Kisha akawa anakuja sikukuu. Kisha simu yake ikawa haipatikani, leo haipatikani, kesho haipatikani, na Robi akabaki anaisikiliza sauti ya yule dada wa mtandao ambaye hachoki kukwambia ujaribu tena baadaye. Angeweza kwenda kwa meneja wa ushirika akaulize mume wake yuko wapi. Lakini mwanamke anayeuliza watu baki alipo mume wake ameshawapa wimbo wa kuimba msimu mzima, na Robi hakuwa tayari kuimbwa.

Asubuhi moja, akiwa na uchungu wa kutosha, alikumbuka kile kisanduku. Aliogopa kuandika mambo ya nyumbani, asije akasoma mtu mwingine. Akaandika ya kazi: "dirisha linafunika sehemu ya kuandika lita." Jibu likaja: hakuna kilichopatikana. Akafurahi. Kutopatikana ndiko alikokuwa anakutafuta.

Wiki iliyofuata alibofya alama ya kuuliza. Dirisha halikufunguka katikati ya kioo kama zamani. Lilifunguka pembeni, jembamba, na sehemu ya lita ikabaki wazi.

Robi alikaa juu ya keni tupu la maziwa akalia, na mfugaji aliyekuwa anasubiri akadhani maziwa yake yamekataliwa.

Tangu hapo akawa anaandika. Aliandika "mkono wangu wa kushoto unaziba maneno," na orodha ya mada ikahamia upande wa kushoto, mkono wake usipite tena juu ya maelezo. Aliandika "nikifungua ukurasa wa pili wa kwanza unapotea," na kurasa zikaanza kufunguka mahali pamoja, juu yake ukitokea mstari mdogo unaoonyesha umetoka wapi na umefika wapi. Aliandika "weupe unaumiza macho asubuhi," na dirisha likaja na rangi ya uji wa wimbi, yaani ulezi. Uji wa wimbi! Ndio waliokunywa pamoja asubuhi zile za mwanzo, Nchagwa akipuliza kikombe chake kama mtoto. Robi alipoiona ile rangi hakutaka ushahidi mwingine.

Basi akathubutu. Aliandika "huku mvua zimeanza." Kwenye ukurasa wa mwanzo kikatokea kipengele kipya: Mvua zikianza, funika mizani kwa turubai na ukaushe mikono kabla ya kugusa kioo. Robi alikisoma hadi akakikariri. Ukaushe mikono. Nani mwingine angeijali mikono yake? Akaandika "mbuzi wa mama amezaa mapacha," na baada ya siku kadhaa kikaja kipengele cha namna ya kuandika maziwa ya mbuzi peke yake. Hapo alicheka mwenyewe kituoni, akasema moyoni, huyu mwanaume na kazi yake. Akaandika "sipati usingizi." Dirisha likaongezewa kitufe cha kulifanya jeusi, kwa ajili ya wanaofanya kazi gizani.

Mtu mwenye hamu haulizi maswali mengi. Akipewa kidogo, anajipikia kingine.

Nyumbani, mzee Simioni naye alikuwa na swali. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawakai wakatazamana wakapiga soga, si kwa Wakurya wanaojiheshimu, kwa hiyo kila jioni swali lilipitia kwa Gati. "Mzee anauliza, kijana anaendeleaje?"

"Yupo," Robi alijibu. "Anaongea na mimi."

Gati alilipeleka jibu zizini, na mzee aliyekuwa amesimama kati ya ng'ombe wake alikohoa mara moja, maana yake amesikia. Usiku huo alikula vizuri. Kwa kuwa kijana yupo na anaongea na mke wake, hakuna aliyepanda basi kwenda Mwanza kumtafuta.

Mwaka ukapita, na mwingine ukaanza kupita. Ndipo Felix, kaka yake Robi, akaja na pikipiki kutoka Kenyamonta, akakaa na mzee, akasema maneno ambayo ndugu yeyote angesema. Dada yake hana mtoto, hana mume wa kuonekana, na ujana haumsubiri mtu. Mzee Simioni hakukasirika. Alisema watakaa kikao Jumamosi. Kijana akitoa ishara yoyote kabla ya siku hiyo, Robi atabaki. Asipotoa, mzee atamruhusu arudi kwao kwa moyo mweupe, na ya ng'ombe watayazungumza wanaume.

Robi aliposikia hayo alienda kituoni, akafungua dirisha, akaandika bila kujificha nyuma ya kazi: "Jumamosi kuna kikao. Njoo wewe mwenyewe."

Siku mbili baadaye meneja wa ushirika alipiga simu. "Robi, jiandae. Mtaalamu wa madirisha ya msaada anakuja kituoni kwako Alhamisi, kutoka Mwanza. Amesema anataka akuone wewe."

Jamani, Robi alisuka nywele. Alisugua sakafu ya kituo hadi saruji ikang'aa. Alimwambia Gati neno moja tu, "Anakuja," na Gati alikimbia, mama mzima yule, akashika khanga isidondoke. Mzee Simioni alipoambiwa hakukohoa. Alienda akatenga beberu akamfunga peke yake, na kila aliyepita alimwambia kwamba beberu huyu si wa kuuza.

Alhamisi ilipofika, pikipiki ilisimama mbele ya kituo. Akashuka msichana mrefu mwenye begi la kompyuta mgongoni.

"Mambo! Wewe ndiye Robi?" alisema, akinyoosha mikono yote miwili. "Mimi naitwa Akello. Nimetamani kukuona, we acha tu!"

Robi alitazama nyuma ya msichana, kwenye barabara. Vumbi lilikuwa linatulia na hakukuwa na pikipiki nyingine.

"Uko peke yako?" aliuliza.

"Peke yangu. Mimi ndiye nashughulika na madirisha ya msaada. Niliona umeandika nije mwenyewe kwa kikao cha Jumamosi, lakini Jumamosi nitakuwa kwa mama yangu Sirari, so nikasema wacha nipitie mapema. Mna kikao cha makarani?"

Robi alimkaribisha kigoda, akamwekea chai, akaona mikono yake mwenyewe inamimina chai vizuri kabisa kana kwamba ni ya mtu mwingine. Akello alifungua kompyuta yake akaanza kueleza kwa furaha. Vituo vyote vya ushirika sasa vinatumia dirisha la Nyanungu. Orodha ya kushoto, mstari wa njia, dirisha la pembeni, rangi ile, yote yalitoka kwa Robi, isipokuwa kwamba vituo vingine vilirudishiwa orodha kulia. Makarani wengine hufunga dirisha wakanyamaza. Huyu peke yake aliongea.

"Na yule mwenzako?" Robi aliuliza.

"Mwenzangu nani?"

Robi alitafuta namna ya kumtaja. "Yule kijana. Aliyelitengeneza mwanzo."

"Nchagwa?" Akello alilitamka jina kirahisi, na Robi akashtuka kama amemwagiwa maji. "Huyo simjui kwa sura. Mimi niliingia nikapata kiti tupu. Walisema aliacha kazi tu, hakuaga. Wengine wanasema alivuka Kenya, wengine wanasema yuko kwenye dhahabu huko Nyakunguru, kila mtu na yake. Ulikuwa unamjua?"

"Lini hiyo?"

"Kabla hujaandika ile ya sehemu ya lita. Ile ndiyo ripoti ya kwanza niliyosoma kwa hiyo kazi. Ndiyo maana nakukumbuka."

Robi alikaa. Alirudi nyuma moyoni, jibu moja baada ya jingine, akitafuta hata moja ambalo halikutanguliwa na maneno yake mwenyewe. Mkono wa kushoto alikuwa ameutaja. Mvua aliitaja. Mbuzi alimtaja. Ikabaki ile rangi, na akaishika kama mtu anayeshika ukingo wa kisima.

"Na rangi?" alisema. "Mimi sikusema rangi gani. Nilisema weupe unaumiza."

"Ah, hiyo?" Akello alitabasamu. "Nilijaribu tatu, nne, nikaacha iliyotulia macho yangu. Hata mimi weupe unaniumiza."

Hapo ndipo Robi alipojua. Alisema yote, kwa sauti ndogo, akitazama sakafu aliyoisugua. Alisema yule kijana ni mume wake, na kwamba yeye alikuwa hamwandikii mtaalamu, alikuwa anamwandikia mume. Akello aliufunika mdomo kwa kiganja.

"Dada Robi. Ungeandika jina lake siku moja tu, ningekwambia siku hiyohiyo. Mbona hukuandika?"

"Siwezi kulitaja," Robi alisema. "Ni jina la mkwe."

Akello, Mjaluo wa mpakani, mwenye ndugu pande mbili, alielewa kiasi alichoweza kuelewa. "Ile ya mvua ilinishangaza," alisema. "Nilijua hiyo si ya kazi. Lakini pale Mwanza nakaa peke yangu, na hakuna mtu ananiambia kama kwao mvua zimeanza. Nikaona lazima nijibu kitu." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wa sweta, akaomba msamaha ambao Robi hakujua aupokee vipi, kwa sababu hakukuwa na kosa. Alikuwa amesikilizwa kuliko wake wengi wanavyosikilizwa, na aliyemsikiliza siye aliyemtaka.

Jioni hiyo Gati alikimbilia barabarani, akamkuta mkwewe anarudi peke yake. Robi alisema, "Hakufika," na hakuongeza. Beberu alilala amefungwa.

Jumamosi walikaa nje ya zizi. Mzee Simioni alikaa akiwatazama ng'ombe, wazee wawili wa ukoo pembeni yake, Felix kwenye gogo. Robi alikaa nyuma ya ghala la mahindi, mahali ambapo baba mkwe hamwoni, na Gati akasimama katikati kupitisha maneno.

"Mzee anauliza," Gati alisema. "Kijana ametoa ishara?"

Angeweza kusema ndiyo. Aliifikiria ndiyo hiyo, akaona jinsi ilivyo nyepesi, na jinsi alivyoisema kila jioni kwa muda wote huu bila kujua kuwa anadanganya.

"Mwambie mzee hajatoa," Robi alisema. "Mwambie hajawahi kutoa. Tangu simu yake ilipokatika hakusema nami hata neno moja. Aliyekuwa anajibu ni mtu mwingine, msichana wa watu, naye hajui alipo. Alishaacha kazi zamani. Mimi ndiye niliyesema yupo, na kumbe sijui kama yupo."

Gati hakuyapitisha maneno hayo. Hakukuwa na haja. Sauti ya Robi ilikuwa imefika hadi zizini, naye mwenyewe alikuwa ameshainuka na kutokeza pembeni ya ghala. Mzee Simioni aligeuka. Alimtazama mke wa mwanawe moja kwa moja usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya harusi, na Robi aliona uso ambao hakuujua, wa mtu aliyekuwa anakula na kulala kwa sababu ya neno lake moja kila jioni. Aliona mzee alivyokuwa akimngoja mwanawe kuliko yeye mwenyewe alivyomngoja. Aibu ilimshika, na huruma ikamshika zaidi.

Wazee wakakohoa. Mzee akayarudisha macho kwa ng'ombe.

"Mura," alimwambia Felix, yaani kijana, sauti ikiwa imara. "Mchukue dada yako. Hana kosa hapa. Ametutunza."

Mambo yaliyobaki yalikwenda haraka. Gati alimfungia Robi wimbi kwenye kitambaa na kulia bila kujificha. Felix alifunga sanduku nyuma ya pikipiki kwa mpira, akavuta kuona kama limekaza, akawasha. Robi alikuwa ameshainua mguu ili apande aliposikia mtu nyuma yake. Alikuwa mzee Simioni. Amekuja peke yake, bila Gati, amesimama karibu kiasi ambacho angeweza kumgusa.

"Binti," alisema juu ya kelele za pikipiki. "Kile kidude chako kiko kituoni?"

"Kipo, tata," Robi alijibu, akimwita baba kwa Kikurya. " Nimemwachia meneja ufunguo."

"Muulize tena mwanangu yuko wapi."

Robi alidhani mzee hakuelewa. "Tata, nimuulize nani? Yule si yeye. Nimesema mbele ya wazee, ni msichana tu, Mjaluo wa Sirari."

"Nimesikia," mzee alisema. "Muulize huyohuyo. Huyo si anajibu?"

Robi akamwambia Felix azime pikipiki.